Jasho la Mtungi na Jasho la Chupa

Leo nataka tuzungumze habari za watoto wadogo na sayansi. Ninaposema watoto wadogo nina maana ya hawa wa awali na wa darasa la kwanza na la pili, wale ambao kutwa nzima wanauliza kwa nini, mpaka mkubwa anachoka. Sitazungumzia maabara wala darubini. Nitaanza na chupa ya soda.

Umetoa soda ya chungwa kwenye friji, umeiweka mezani mchana wa jua kali. Muda si mrefu chupa inalowa kwa nje. Matone yanaanza madogo madogo, yanakutana, yanateremka, na chini ya chupa kunabaki duara la maji juu ya meza. Mtoto wa miaka mitano anaona, anasema: "Mama, chupa inavuja." Na mama, ambaye ana sufuria jikoni na simu mkononi, anajibu: "Haivuji, ni baridi tu hiyo. Kunywa soda yako."

Simlaumu mama huyo. Ila naomba tumtazame mtoto vizuri. Ameona maji nje ya chupa, anajua ndani mna kitu cha majimaji, akaunganisha mambo hayo mawili na kutoa sababu. Amekosea, lakini amekosea kama mtu anayefikiri, na sababu aliyoitoa inaweza kupimwa pale pale mezani bila gharama yoyote. Mpe kitambaa cheupe afute chupa. Kama ni soda inayovuja, kitambaa kitachukua rangi ya chungwa. Anafuta, kitambaa kinabaki cheupe. Mwambie anuse: hakinukii chungwa. Kama chupa ilioshwa vizuri kabla ya kuingia kwenye friji, achukue tone moja kwa kidole aliweke kwenye ulimi: halina sukari. Macho, pua na ulimi, vyote vitatu vimekataa. Maji haya hayakutoka ndani. Sasa yametoka wapi?

Hapo ndipo wakubwa wengi tunaposhindwa kuvumilia. Mdomo unatuwasha tumwage jibu lote. Naomba usilimwage. Weka chupa ya pili, ya soda ile ile, iliyokaa kabatini bila kupozwa. Mwache azitazame zote mbili. Ya baridi inalowa, ya kabatini ni kavu kabisa, na zote mbili hazijafunguliwa. Mtoto mwenyewe atakwambia kwamba baridi inahusika. Ukishafika hapo, basi, mwambie lile ambalo hawezi kuliona kwa macho: kwamba ndani ya hewa tunayovuta mna maji yaliyotawanyika kiasi cha kutoonekana, na yakigusa kitu cha baridi yanarudi kuwa matone. Mtoto wa Tanga, wa Mombasa au wa Unguja atayaona upesi, maana hewa ya pwani imejaa unyevu. Wa Dodoma wakati wa kiangazi anaweza kungoja na kupata matone machache tu, naye ana haki ya kuuliza kwa nini.

Sasa mpeleke kijijini kwa bibi yake. Ninasema kwa bibi kwa sababu huko ndiko mtungi wa udongo ulikobaki, pale kwenye kona yenye kivuli, umefunikwa kwa sahani na juu yake imelala kata. Mtoto anasalimia, "Shikamoo bibi," anaitikiwa, "Marahaba mjukuu wangu," kisha anaugusa mtungi na kuukuta umelowa. Kama ni mtoto mwerevu, na wengi wao ni werevu, atasema: "Bibi, mtungi wako nao umechukua maji hewani."

Na hapa amekosea tena. Tafadhali msikilizaji, lifurahie kosa hili. Amechukua jambo alilojifunza juzi kwenye chupa, amelibeba mpaka hapa, amelitumia mahali papya. Kilichobaki ni kulipima. Bibi na mjukuu wajaze mtungi mpaka shingoni, na pembeni waweke ndoo ya plastiki yenye maji yale yale, nayo imefunikwa. Wachovye kijiti katika kila chombo na kukikata alama mahali maji yalipoishia. Watu wa nyumbani waambiwe wasichote humo mpaka kesho. Kesho yake kijiti kinarudi ndani: maji ya ndoo yako pale pale, ya mtungi yameshuka, na hakuna aliyekunywa. Kwa hiyo jasho la mtungi limetoka ndani, limepita katika vitundu vya udongo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kisha mtoto atie vidole vya mkono mmoja mtungini na vya mkono wa pili ndooni. Ya mtungi ni ya baridi.

Kwa nini ya baridi? Mwache alowanishe mkono mmoja, mwingine aache mkavu, halafu aipepee yote miwili hewani. Uliolowa unapoa, kwa sababu maji yakikauka yanaondoka na joto la ngozi. Mtungi unafanya kazi hiyo hiyo mchana kutwa. Kwa wale wanaopenda hesabu: mtungi wa lita 20 ukipoteza robo lita tu kwa njia ya mvuke, joto linalochukuliwa linatosha kuyashusha maji yaliyobaki kwa nyuzi 7 hivi za Selsiasi, kama hakuna joto jipya linaloingia kutoka nje. Ndiyo maana mtungi hupoza vizuri zaidi mahali pakavu penye upepo kuliko pwani siku za masika, ambapo hewa imeshashiba maji na haina pa kuyaweka mengine. Yaani hewa ile ile inayolowesha chupa haraka ndiyo inayouchelewesha mtungi kupoa. Bibi aliyeuweka mtungi kivulini penye upepo alijua hayo yote bila kuandikiwa ubaoni.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Kwa macho, jasho la chupa na jasho la mtungi ni kitu kimoja: matone nje ya chombo. Kwa asili, moja linakuja na jingine linakwenda. Hakuna mlango wa fahamu ambao peke yake ungeweza kuyatenganisha. Yametenganishwa na kitambaa cheupe, na chupa ya pili, na kijiti chenye alama. Na hili ndilo ninalotaka kulisema leo kwa walimu wenzangu na kwa wazazi. Tunasifia sana kufundisha kwa milango ya fahamu, na tuna haki ya kusifia, lakini wengi wetu tunaishia mlangoni. Gusa pamba, ni laini. Gusa jiwe, ni gumu. Onja chumvi, onja sukari, sema ipi tamu. Kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo ni kazi njema. Wa miaka sita anajua tangu zamani kwamba sukari ni tamu. Anakujibu kwa adabu tu. Kazi inaanza pale milango hiyo inapogombana, au inapomdanganya, na yeye mwenyewe akagundua kwamba amedanganywa.

Ngozi, kwa mfano, ni mwongo mkubwa. Asubuhi chukua kijiko cha bati na mwiko wa mti vilivyolala pamoja jikoni usiku kucha. Muulize mtoto kipi kina baridi. Atasema kijiko, nawe utasema kijiko, na kipimajoto kikiwepo kitawakatalia wote wawili, maana vimelala chumba kimoja na joto lake ni sawa. Huna kipimajoto? Vitoe vyote viwili juani vikae mpaka saa sita. Sasa mwambie avishike kwa tahadhari, kwa ncha ya kidole. Kijiko kile kile cha baridi ndicho kinachochoma, mwiko hauna neno. Mbona asubuhi kilikuwa kinashinda kwa baridi na sasa kinashinda kwa joto? Kwa sababu bati hupitisha joto upesi. Asubuhi linanyang'anya joto la mkono wako, mchana linakurudishia kwa fujo. Mti unakwenda polepole njia zote mbili. Ngozi haipimi joto la kitu, inahisi tu joto linavyoingia na kutoka mwilini. Mtoto wa darasa la pili hawezi kuisema sentensi hiyo, lakini anaweza kusema, "Mkono wangu umenidanganya," na akishasema hivyo siku nyingine atataka kupima.

Ulimi nao hufanya mengi kwa mgongo wa pua. Chai ya iliki iliyopoa: mtoto afinye pua, anywe funda moja, anapata utamu na uvuguvugu basi. Akiiachia pua kabla hajameza vizuri, iliki inaingia kwa ghafla. Hapo anaelewa kwa nini siku za mafua chakula hakina ladha.

Kuhusu sauti sina haja ya kwenda mbali, maana chombo kiko mbele yako. Kama unanisikiliza kwa redio na kuna mtoto karibu, mwite aweke kiganja kwenye spika. Niko hapa, ninaongea. Anachokisikia kiganjani, kule kutetemeka, ndiyo sauti yangu kabla haijafika sikioni. Sasa aweke kiganja kingine kooni mwake na kusema jina lake. Baadaye mtafute kopo tupu, mlivalishe puto lililokatwa na kuvutwa likakaza, mmwage juu yake punje chache za mchele, halafu mtoto apige kelele karibu nalo. Mchele utacheza. Wapigaji wetu wa ngoma huota moto kidogo na ngoma zao kabla ya shughuli ili ngozi ikaze na mlio upande, na hakuna mzee wa ngoma atakayekataa kumwonyesha mtoto kazi hiyo ukimwomba kwa heshima.

Lipo jambo moja dogo ambalo walimu huliruka, nalo ndilo linalobadilisha mchezo kuwa somo. Kabla ya kujaribu chochote, mtoto akisie kwanza, aseme kwa sauti, wengine wasikie. Chukua machungwa mawili na beseni la maji. Moja liache na ganda lake, la pili limenye mpaka ibaki nyama tupu, uondoe na ule utando mweupe. Uliza: lipi litazama? Wengi watasema lenye ganda, kwa sababu ni zito zaidi, na ni kweli ni zito zaidi. Mwenyewe alishike mkononi ahakikishe. Litumbukize: linaelea. Lililomenywa, jepesi, linazama. Kelele utakayoisikia darasani hapo ni ya watoto waliojiweka kwenye jambo, na ungeanza kwa kuwaeleza habari ya hewa iliyomo ndani ya ganda usingeisikia. Kisha leta chungwa la muuza machungwa wa barabarani, lile lililochongwa kwa kisu ngozi ya kijani tu na kubaki jeupe. Wakisie tena. Litaelea, na sasa wenyewe watakwambia hewa imekaa wapi. Mara mojamoja utapata chungwa korofi, limemenywa lote na bado linaelea. Usilifiche chini ya meza. Walipasue waone kama ndani lina uwazi. Mwalimu anayeficha chungwa korofi anawafundisha watoto kwamba ukweli ni ule unaotakiwa na mwalimu.

Nafahamu msikilizaji mmoja atasema: haya ni ya shule zenye watoto ishirini darasani, njoo kwetu ambako tuna mia na zaidi na dawati moja wanakaa wanne. Ni hoja nzito, na sitaipita kwa maneno matamu. Mwalimu mmoja mbele ya watoto mia hawezi kumsikiliza kila mmoja. Lakini tuangalie anachofanya sasa. Anaandika ubaoni: milango ya fahamu ni mitano. Watoto wanakariri kwa wimbo: macho ya kuonea, masikio ya kusikia, pua ya kunusia. Kesho mtihani utauliza pua ni ya nini. Hivyo watoto mia wenye pua mia wamejifunza habari za pua bila kunusa kitu. Maharage kilo moja yana punje nyingi kuliko watoto wa darasa hilo. Vizibo vya soda, makopo, majani, mchanga, kamba, vyote vinaokotwa. Walimu wetu wana neno zuri, kufaragua zana, na kazi hiyo wanafundishwa vyuoni. Tatizo ni kwamba zana iliyofaraguliwa mara nyingi inawekwa mezani kwa mwalimu, watoto wanaitazama kwa mbali, mkaguzi anaiona, inarudi kabatini. Zana ya mtoto wa miaka sita ni ile iliyo mikononi mwake.

Wala fikra hii si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1960 nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, zilishiriki mradi wa kufundisha sayansi katika shule za msingi kwa vitu vya mazingira: mchanga mkavu na mchanga mbichi, mbegu, mbu, na yule mdudu anayechimba kishimo cha mviringo mchangani na kumvizia sisimizi. Mtafiti Eleanor Duckworth alipokuja Kenya kuupima mradi huo hakuwapa watoto maswali ya kujaza. Aliwaingiza katika chumba chenye vitu mbalimbali, akawaachia wafanye watakalo, akatazama. Waliopitia mradi walibuni mambo mengi na ya aina nyingi kuliko wenzao waliofundishwa kwa kawaida. Namna hiyo ya kupima naiheshimu sana. Swali lake lilikuwa: mtoto huyu, ukimwacha na vitu, anapata mawazo? Ningependa wakaguzi wetu waliulize.

Sisi pia tuna mfano wetu, tena wa jikoni. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe na ndipo kuyaingiza kwenye friza. Nafasi ilikuwa ndogo, Mpemba akaogopa kuikosa, akayaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baadaye akayakuta yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa ya moto. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokwenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na safari hii akachekwa. Mpaka siku alipokuja kutembelea shule Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu kule Dar es Salaam, kijana akasimama mbele ya wenzake akauliza lile lile. Osborne alirudi akaagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha pamoja makala katika jarida la kufundishia fizikia. Leo jina la Mpemba linatajwa duniani kote, na wanasayansi bado wanabishana juu ya jambo lile, wengine wakisema hutokea kwa masharti fulani, wengine wakisema halitokei kabisa.

Mbishano huo hauniumizi kichwa. Kinachonigusa ni tofauti ya watu wazima wawili. Mmoja aliposikia swali alilijibu kwa kumtazama aliyeuliza. Mwingine alilijibu kwa kuagiza maji yawekwe kwenye friza. Na Mpemba wakati huo alikuwa kijana wa sekondari mwenye ujasiri wa kuuliza mara ya tatu. Mtoto wa miaka mitano akiambiwa "acha maswali ya kipumbavu" mara mbili, ya tatu haiji.

Hapa niseme neno kwa wazazi na kwa akina dada wanaolea watoto majumbani. Hutakiwi kujua majibu. "Sijui, hebu tuangalie" ni jibu kamili, na linamfundisha mtoto namna ya kuishi na swali. Anayejua majibu yote ndiye mwenye hatari zaidi, kwa sababu anamaliza mazungumzo mapema. Ila tahadhari zipo na ni za lazima. Kuonja ni kwa chakula tu, na kwa ruhusa. Mtoto afundishwe tangu mwanzo kwamba unga mweupe usioujua hauonjwi. Mafuta ya taa, dawa za panya, betri na maji ya betri visikae kabisa katika michezo hii. Harufu ya kitu usichokijua inavutwa kwa kupungia mkono, pua inakaa mbali.

Na maharage, ambayo nataka tumalizie kazi ya wiki hii kwayo, yakishalowekwa yasitafunwe, maana maharage mabichi yana sumu inayoondolewa kwa kuchemshwa sawasawa. Loweka kiganja kimoja usiku. Asubuhi mtoto alinganishe punje iliyolowekwa na kavu: imevimba, ngozi yake imekunjamana mahali na kukaza mahali. Aivue ngozi kwa kucha. Aipasue kwa upole kwenye mstari wake wa asili. Ndani, kwenye ncha ya nusu moja, umelala mmea mzima, mdogo, una kimzizi kilichochongoka na vijani viwili vyeupe vilivyokunjwa. Unaonekana kwa macho matupu. Nimewaona watoto wakinyamaza wanapouona, na watoto hawanyamazi ovyo.

Punje nyingine zipangwe katika bilauri, zikibanwa kwenye kioo kwa kitambaa kibichi. Baada ya siku chache mzizi unachomoza na kuelekea chini. Hapo mgeuze mtoto awe mtafiti: aipindue punje moja mzizi utazame juu. Atakisia nini? Wengine husema utaendelea juu, wengine husema mmea utakufa. Kesho yake ncha ya mzizi imekwisha kujipinda na inarudi chini. Bila shaka mtoto atasema umefuata maji, au umekimbia mwanga. Maneno mazuri. Basi bilauri nyingine iwekwe kabatini gizani, kitambaa kikiwa kimelowa pande zote. Mzizi unakwenda chini vile vile. Unajuaje chini ni wapi? Kwenye ncha yake mna chembe nzito za wanga zinazolala upande wa chini wa seli, na mmea unazihisi. Jibu hili mpe mtoto baada ya siku tatu nne za kubishana, si kabla. Mmea wa gizani usiutupe. Shina lake litarefuka, jembamba na la rangi ya njano, na hapo patakuwa na swali jingine.

Kuna kazi moja ya muda mrefu, ya mwaka mzima, ambayo shule yoyote yenye uwanja inaweza kuianza kesho. Simika fimbo ya mita moja mahali penye jua kutwa. Kila wiki, kivuli kikiwa kifupi kuliko vyote, ambayo ni karibu na saa sita mchana, watoto waweke jiwe mahali kilipoishia. Wanaojifunza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, watapima kwa rula na kuandika tarehe na namba, kwa hiyo hakuna kipindi kilichoibwa. Kwa wa Dar es Salaam, mwishoni mwa Juni kivuli hicho kitakuwa na sentimita 58 hivi na kitalala upande wa kusini. Karibu na tarehe 10 Oktoba kitakwisha kabisa kwa muda mfupi, fimbo itasimama bila kivuli, na hali hiyo itarudi mwanzoni mwa Machi. Nairobi na Bukoba tarehe ni nyingine, siku chache baada ya tarehe 22 Septemba na siku chache kabla ya tarehe 20 Machi, nao walimu wa huko wawaachie watoto wazigundue.

Kabla ya shule kufungwa mwezi Desemba, waulizeni kivuli kitaangukia upande gani, na kila mtoto aandike jina lake na jibu lake. Karatasi hizo zibandikwe ukutani, na msizisahihishe. Halafu mtoke nje na rula, wakitazama kivuli na wala wasilitazame jua lenyewe, mkapime.